Jumamosi za Kutafuta Watu wa Kukaa Nao

Kaka yangu aliifuata dhahabu Nyakunguru kabla mimi sijapangiwa kufundisha Kenyamonta, mkoa ule ule. Kwetu ni Singida. Barua ya kazi ilipotoka nyumbani walifurahi, wakasema sasa watoto wako karibu, mmoja atamwangalia mwenzake.

Gongo ilimla kaka taratibu. Siku wachimbaji wenzake waliponipigia simu kwamba ameanguka kando ya duara, kama wanavyoliita shimo la dhahabu, nilimkuta amelazwa juu ya viroba, macho ya manjano, ananiomba radhi kwa kuwa nimeacha darasa. Alilazwa hospitali, akatibiwa, na alipotoka nikamchukua akae kwangu. Muuguzi alituambia dawa zimemaliza kazi yake, kilichobaki kinataka watu. Atafute walioacha pombe, akae nao kila wiki, asijaribu peke yake.

Ndipo zikaanza Jumamosi zetu. Tulitoka asubuhi ukungu haujaondoka kwenye migomba, tukapanda pikipiki hadi njia kuu, kisha gari la kwenda Tarime. Kaka alivaa shati la kola alilolipiga pasi mwenyewe, kama mtu anayekwenda kuposa. Tangu utotoni hatukuwahi kukaa pamoja muda mrefu hivyo. Njiani alinisimulia mambo ya marehemu mama ambayo mimi, kwa udogo wangu, sikuyajua.

Kwanza tulikwenda kwenye kikundi cha maombi mjini. Sisi ni Waislamu, nao hawakujali, walitukaribisha kwa chai. Lakini mchungaji alimtaka kaka asimame mbele ya watu wote atoe ushuhuda, na kabla hajafungua mdomo wakaanza kupiga makofi. Kaka alitazama viatu vyake, akaketi. Tuliporudi aliniambia wale ni watu wema kabisa, ila yeye hawezi kupona huku anatazamwa.

Kisha tukasikia kwamba pale pale Kenyamonta kuna wazee walioacha pombe, hukutana uani kwa mmoja wao. Tuliwaamkia shikamoo, tukapewa viti. Walianza kwa Kiswahili kwa ajili yetu, lakini mazungumzo yalipofika moyoni wakarudi kwenye Kikurya, na nani angewalaumu? Mzee mwenye nyumba alijitahidi kumtafsiria kaka. "Mura," alimwambia, kama wanavyomwita kijana wa kiume huko, "huyu anasema mke wake aliondoka." Alipomaliza, wenzake walikuwa wameshafika kwingine, na kaka akawa anacheka wakati wengine wamenyamaza. Mwisho ukaletwa uji wa ulezi kwenye kibuyu. Kaka alikipokea, akakishika mbali na mdomo, maana alikuwa amezoea kunywea pombe kwenye kibuyu kama hicho. Mzee aliliona hilo. Akakichukua kibuyu, akammiminia uji kwenye kikombe cha plastiki. Hatukurudi tena pale, lakini mpaka leo nikimwona mzee yule sokoni navuka njia kwenda kumwamkia.

Muuguzi ndiye aliyetuelekeza Bomani, mjini Tarime, kwenye chumba nyuma ya duka la fundi cherehani. Humo tulikuta watu wa kuja kama sisi: dereva, karani, wachimbaji wawili watatu, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anapika gongo na kuinywa. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na kabila lake, Kiswahili kilikuwa cha wote. Waliketi juu ya mabunda ya vitambaa. Zamu ya kaka ilipofika alisema hana la kusema.

"Kaa tu, baba," yule mama akamwambia. "Hapa hatumdai mtu maneno."

Alikaa hivyo Jumamosi kadhaa. Mimi niliwasubiri nje, nasahihisha madaftari kwenye benchi, nakula mihogo ya kukaanga, nasikia cherehani inanguruma na mara nyingine kicheko. Siku moja katikati ya sauti zile nikasikia ya kaka. Sikusikiliza alichosema. Niliweka kalamu chini tu.

Njia haikunyooka. Alipopata nguvu alirudi Nyakunguru, na haukupita muda akaanguka tena kwenye pombe. Mimi nilikuwa na mitihani, tena nilikuwa nimechoka. Aliyemfuata ni yule mama. Alikwenda mpaka kwenye maduara, akamkuta, akaketi naye kivulini siku nzima, wakiongea habari za mihogo na mbegu. Pombe hakuitaja. Jioni alisimama akakung'uta kitenge, akamwambia, "Jumamosi tunakuwepo." Kaka alikwenda.

Sasa yuko Singida, analima alizeti, ana mke. Hanywi. Ukimuuliza atakwambia hanywi leo. Kile kikundi kimetawanyika: karani alihamishwa, fundi aliuza duka, yule mama nasikia anaishi kwa binti yake Musoma. Mimi bado nafundisha hapa Kenyamonta. Jumamosi nafua, nachota maji, nalala mchana. Nikipata nafasi nampigia kaka simu, naye ananiuliza kama huku ukungu umeshaondoka kwenye migomba. Namwambia bado, hata ukiwa umeondoka, maana najua akisikia hivyo atazikumbuka safari zetu, hataharakisha kukata simu.