Waya Niliouficha Ukutani

Nilisoma mpaka darasa la tatu, basi. Nyumba hii ya Same niliijenga kwa mikono yangu, mabomba nikayalaza mwenyewe. Kwa hiyo binti yangu aliposema stoo ya nyuma igeuzwe ofisi yake, sikuita fundi.

Huchora ramani za majengo kwa kompyuta, na ofisi yake iko Dar es Salaam. Walimpa mwezi wa majaribio: kazi ikienda vizuri akiwa hapa nyumbani, abaki, isipoenda, arudi huko. Mimi na mama yake tulikuwa tumechoka kula wawili tu, ila hilo sikumwambia. Nilimwambia stoo inahitaji mtu wa kufukuza panya.

Mtandao unaingilia sebuleni, kwenye ruta. Nikavuta waya kutoka pale hadi stoo, haukufika. Nikaunga kipande kingine, nikakizungushia utepe wa umeme, nikapiga plasta juu. Ukuta ukawa safi, na sikumwambia mtu.

Alipokuwa akifanya kazi sebuleni, ramani iliondoka kabla chai haijapoa. Alipohamia stoo, kutuma ramani moja kulimlia asubuhi nzima. Mkubwa wake akapiga simu: hali isipobadilika kufikia Jumatatu, arudi Dar.

Akanifuata uani.

"Baba, shikamoo. Waya wako una tatizo."

"Marahaba. Waya wangu hauna tatizo. Tatizo ni hicho kisanduku chako."

Kisanduku hicho alikinunua ili kugawa mtandao kwa kompyuta na printa. Akakichomoa, akauunganisha waya moja kwa moja kwenye kompyuta. Polepole vilevile. Akabeba kompyuta mpaka sebuleni, akaichomeka kwenye ruta kwa waya mfupi. Ikakimbia.

"Umeona?"

"Sijaona kitu."

"Baba, unauza ng'ombe ushinde kesi ya kuku!"

Mama yake akadakia kutoka jikoni, "Ng'ombe gani? Huyo keshauza na zizi."

Waliniudhi. Lakini mimi nimekulia Suji, huko milimani, najua mfereji. Maji yakipungua shambani, unaanzia juu kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia, unashuka na mfereji hatua kwa hatua mpaka ulione tobo. Binti yangu alikuwa akifanya hivyohivyo bila kufundishwa. Na mwenye kujua tobo lilipo nilikuwa mimi, nimesimama nabisha, huku Jumatatu inakuja.

Nikaenda kuchukua nyundo na patasi.

"Unavunja nini tena?" binti akauliza.

"Nyamaza, shika tochi."

Plasta ikadondoka. Akatazama kile kiungo, akanitazama mimi, akafungua utepe. Ndani ya waya ule kuna nyaya nane nyembamba, zimesokotwa mbilimbili. Mimi niliona ni uvivu wa kiwandani, nikazinyoosha zote urefu wa mkono mzima kabla ya kuunga.

"Baba, zimesokotwa makusudi. Ukizinyoosha zinaingiliana, mzigo unafika umeharibika. Kompyuta inautuma tena na tena."

Nikakaa juu ya debe. Kule milimani hakuna mtu anayechimba mfereji ukashuka wima. Unaupindisha, unaufuata mlima, la sivyo maji yanabomoa kingo. Marehemu baba alinichapa kwa kosa hilo nikiwa mdogo, sasa nina wajukuu na nimelirudia ukutani.

"Nimekosea," nikasema.

Mama yake akaja mlangoni na mwiko mkononi. "Rudia, sikusikia."

Sikurudia. Siku ileile tulivuta waya mpya, mmoja mzima usio na kiungo, toka sebuleni mpaka stoo. Binti akatuma ramani. Nikanywa chai, na kabla sijafika nusu kikombe nikamsikia akipiga vigelegele peke yake. Nilivuta pumzi kama mtu aliyetua gunia la tangawizi baada ya kulibeba toka Mamba kule mlimani.

Jumatatu mkubwa wake alimpigia, hawakuzungumza sana. Kisha binti akampigia mwenzake waliyekuwa wamepanga naye chumba Dar.

"Tafuta mtu mwingine wa kukaa naye. Na kitanda changu kipakie kwenye lori."

Nikachukua futi, nikaenda kupima mlango wa chumba chake.