Mwenyekiti Anadaiwa Jembe

Ni mwaka 2024, mwezi wa Aprili, na mvua za masika zinakaribia kukatika katika uwanda wa juu wa Ufipa. Saa kumi na mbili asubuhi, Bertilla Alois anaingia katika shamba ambalo nyasi zake zinamfikia kiunoni. Anazilaza kwa mguu, anazikusanya kwa duara, kisha anachimba udongo pembeni na kuzifunika. Hiyo ndiyo ntumba, tuta la mviringo ambalo Wafipa hulitumia kurutubisha ardhi bila mbolea ya dukani.

Hasimami kunyoosha mgongo. Akisimama, ni kwa ajili ya kutazama njia tu.

“Tangu Jumanne hajaja, wala hajatuma mtu,” anasema. “Bora angenitukana. Kimya chake kinaninyima usingizi.”

Anayemzungumzia ni Adolfu Romani, mwenyekiti wa kitongoji chake katika kijiji cha Kalembe, nje ya mji wa Sumbawanga, ukilipita eneo la Pito.

Bertilla, mwenye umri wa miaka arobaini na saba na mama wa watoto watano, anaongoza kundi la kaya zinazolimiana kwa zamu. Kazi hiyo haina mshahara wala posho. Yeye ndiye anayepanga shamba la nani litangulie, na katika Aprili jambo hilo si dogo. Mvua ikikatika, nyasi hukakamaa na udongo huwa mgumu kama tofali; ambaye shamba lake halijafikiwa hana ntumba za kupandia ulezi msimu unaofuata.

Utaratibu wao ni wa tangu zamani. Mwenye shamba hupika pombe ya ulezi na kuwanywesha waliomlimia. Hata hivyo, pombe ni shukrani tu. Deni hulipwa kwa jembe: aliyelimiwa huenda mwenyewe kuwalimia wenzake.

Mwaka jana kundi lilimlimia Adolfu ekari mbili. Ilipofika zamu ya wenzake, yeye alituma kreti za soda. Shamba la mwisho lilikuwa la Monika, mjane mwenye umri wa miaka sabini na mmoja, na mvua ilikatika kabla halijafika nusu.

“Soda nilikunywa, ilikuwa tamu,” anasema Bibi Monika, akiwa ameketi ukingoni mwa shamba hilohilo, ambalo leo Bertilla na wenzake wanalilima. “Ila sijaona ulezi uliowahi kuota ndani ya chupa.”

Kwa ntumba hizo chache, msimu huu anatarajia kuvuna madebe matatu tu. Kaya tatu zilijitoa katika kundi, zikisema kwamba haziwezi kulima mahali ambapo cheo hulipa kwa soda. Zimebaki kumi na sita.

Mwaka huu Adolfu alitaka tena kutangulia. Alifika nyumbani kwa Bertilla, akasifu uongozi wake, kisha akaulizia shamba lake la bondeni. Shamba hilo Bertilla aligawiwa na kitongoji kwa neno la mdomo. Maharage yake humpatia takribani shilingi laki nne kwa mwaka, na ndizo zinazowavisha watoto sare na kuwanunulia madaftari.

“Aliniambia, ‘Mama Vitus, mkutano wa Juni utayaangalia upya mashamba ya bondeni. Mimi nitakutetea, lakini nawe nitetee.’ Hakunitisha. Alikuwa anatabasamu,” anakumbuka Bertilla.

Alikubali. Alilitangazia kundi kwamba Jumanne wangeanza kwa Mwenyekiti. Hakuna aliyepinga, na hilo ndilo lililomkosesha raha.

“Walinitazama, wakainamisha vichwa. Nikajiambia, hawa nao watajitoa, halafu nitabaki kiongozi wa nani?”

Jumanne walipofika, mapipa mawili ya pombe yalikuwa tayari chini ya upenu wa nyumba.

“Shikamoo, Mwenyekiti,” alisalimu Bertilla.

“Marahaba, Mama Vitus. Anzeni upande wa juu.”

“Na wewe utaanzia wapi?”

“Mimi? Mimi nina kikao mjini.”

Bertilla anasema kwamba hakuwa amepanga lolote. Aliliinua jembe, akaliweka tena begani.

“Basi sisi tunakwenda kwa Bibi Monika. Ukimaliza kikao, utatukuta huko. Ukishalipa deni la mwaka jana, tutarudi hapa.”

“Na pombe yangu? Itachacha!”

“Inywe taratibu, Mwenyekiti,” alidakia Timoth, kijana mcheshi wa kundi. “Itakufikisha Pentekoste!”

Watu waliangua kicheko. Bertilla hakucheka.

“Mama Vitus, hujui unalolifanya,” alisema Adolfu.

“Ninalijua, Mwenyekiti. Ndiyo maana sicheki.”

Tangu siku hiyo, kila alfajiri Bertilla hupitia bondeni kwanza kukagua kama kuna mtu aliyepigilia vigingi katika shamba lake. Mumewe, Alphonce, hafichi hasira.

“Uongozi wenyewe hauna hata posho, naye anatupotezea bonde,” analalamika. “Ugomvi na serikali ya kitongoji tutauweza wapi?”

Bertilla anamwelewa. “Ana haki ya kuogopa,” anasema. “Hata mimi ninaogopa.”

Hata hivyo, mpango anao. Katika mkutano wa Juni ataomba mashamba ya bondeni yagawiwe hadharani, kila mwenye shamba akisikia. Ataomba pia kwamba yeyote anayeongoza jambo lolote kitongojini, yeye mwenyewe akiwemo, awe wa kwanza kulipa zamu yake.

“Wakiniondoa bondeni, waniondoe mbele ya watu,” anasema.

Yapata saa nne, mazungumzo yanakatika ghafla. Adolfu anakuja kwa njia ya juu, akiwa amevaa mabuti ya mpira na jembe likiwa begani. Wote wanaacha kulima.

“Shikamoo, Bibi,” anamwambia Monika.

“Marahaba. Umechelewa, lakini nyasi zimekungoja.”

“Mambo, Mwenyekiti!” anapaza sauti Timoth. “Hilo jembe umeliazima wapi?”

“Nyamaza wewe, kijana. Mama Vitus, nionyeshe pa kuanzia.”

Bertilla anamwonyesha. Habari ya bondeni Adolfu haigusi, na Bertilla haiulizi. Mikono ya Mwenyekiti haijazoea; matuta yake ya kwanza yanakaa upande, na jasho linamlowesha shati hadi kiunoni.

Saa sita, Bibi Monika anawakaribisha togwa. Watu wanatupa majembe chini na kuketi. Bertilla anajaza kikombe na kumpelekea Adolfu.

“Pumzika kwanza, Mwenyekiti.”

Adolfu anatikisa kichwa bila kuinua uso.

“Nyinyi kunyweni,” anasema. “Mimi la mwaka jana sijalimaliza.”

Anainama, anakusanya nyasi, na kuzifunika kwa udongo.