Gunia la Pamba na Mabondia wa Baba

Baba na mjomba hawajawahi kumwona bondia mkubwa kwa macho yao. Baba aliwasikia redioni enzi za ujana wake. Mjomba, anayechimba dhahabu Geita, aliona kanda mbili tatu kwenye kibanda cha video. Lakini ukiwakuta wanabishana nani alikuwa na ngumi nzito kuliko wote duniani, utadhani waliwahi kupigwa na watu hao wenyewe.

Mwisho wa likizo iliyopita ubishi huo ulinitoa machozi, na sioni aibu kuandika.

Shule ilikuwa imeshafunguliwa, nami, mtu wa kidato cha nne, bado niko nyumbani karibu na Kharumwa nachambua pamba. Baba alikuwa amesema pamba ikiisha kuchambuliwa, lori litakaloichukua litanipeleka na mimi mpaka Shinyanga shuleni. Isipoisha, nisubiri lori jingine, na hakuna aliyejua hilo jingine litakuja lini. Basi nikachambua. Nyeupe upande huu, hiyo ndiyo safi. Yenye madoa na majani upande ule, hiyo fifi. Vidole vikachubuka. Jumapili jioni gunia la mwisho la safi likajaa, nikaenda kuoga kwa raha zangu.

Natoka bafuni nasikia, "Puu!"

Walikuwa wamelining'iniza gunia langu kwenye boriti la ghala.

"Shemeji, ngumi hiyo yako ni ya kusukuma mlango," mjomba alikuwa anasema. "Yule mfupi wa Marekani alikuwa anaitoa huku chini, kiunoni. Hivi!" Puu.

"Mfupi gani! Yule alipiga vibonde," baba akajibu. "Wa enzi zetu mkono wake ulikuwa mchi. Akikugusa tu umelala, ukiamka unauliza kwenu ni wapi."

"Ulimwona wapi, shemeji? Redio ina picha?"

Nilisimama na kanga yangu. Nilitaka kusema, "Baba, hiyo ni safi." Ndivyo nilivyo: mbele ya wakubwa sisemi, halafu hotuba yote naimalizia kwenye daftari.

Mjomba akarudi nyuma, akaja kwa kishindo. Gunia likapasuka ubavuni, pamba ikamwagika palepale mama alipokuwa amemenyea karanga.

Unadhani waliniangalia?

"Umeona mzigo huo?" mjomba akapiga kelele.

"Nililipasua mimi, wewe umemalizia tu."

Mama akatoka jikoni, akaangalia pamba, akaniangalia mimi. "Kaeni chini," akawaambia. "Wote wawili. Okoteni."

Wakakaa. Lakini mjomba hawezi kubishana mikono ikiwa imetulia. Kila bondia aliyemtaja alimpigia ngumi hewani, na pamba aliyoishika ikarudi kwenye maganda. Baba naye akawa anatupa safi na fifi rundo moja, macho yote kwa mjomba. Nikawa nachambua walichochambua. Tulimaliza giza linaingia, nikiwa nimewachukia mabondia wote, walio hai na waliokufa.

Asubuhi lori likafika. Karani wa pamba akazamisha mkono katikati ya gunia lile tulilolishona upya, akatoa ganda la karanga.

"Mzee, hii nayo ni pamba?"

Baba akakohoa. "Hilo liache, tutalirudia. Pakia hayo mengine. Mtoto huyu asikose lori."

Nikapumua. Magunia yakapakiwa, nikaaga, nikapanda mbele na sanduku langu la bati. Dereva akawasha gari. Ndipo mjomba akaegemea dirishani.

"Dereva, wewe mtu wa mjini, hebu tuamulie. Ngumi nzito kuliko zote duniani ni ya nani?"

Dereva akazima injini.

"Hapo sasa!" akasema, akashuka huku anakunja mikono ya shati. "Wote hamjui. Kuna mmoja yule, anatumia kushoto..."

Baba akasogea. Karani, na kalamu yake sikioni, naye akasogea. Mjomba akaanza kucheka kwa dharau kabla hata hajaambiwa ni nani. Jua linapanda, wenzangu wako darasani wiki ya pili, na mimi nimekumbatia sanduku kwenye lori lililozimwa.

Nikanyoosha mkono kwenye usukani, nikabonyeza honi. Kuku wakatawanyika, mama akatoka mbio jikoni, wanaume wote wanne wakageuka. Sikuutoa mkono mpaka dereva alipopanda.