Vidole vya Mama Povu

Askari wa alama za vidole alimfuta Mama Povu gumba kwa kitambaa, akalibandika tena kwenye kioo cha mashine, akalikandamiza. Mashine ikalia kwa mara ya tatu. Kwenye skrini palitokea duara jeupe lisilo na hata mstari mmoja.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Mimi ni dobi. Mwaka wa ishirini na mbili huu."

"Basi umezifua na alama zako," askari akasema, wala hakuwa anatania.

Mumewe, fundi baiskeli, alikuwa amemaliza zamani. Vidole vyake vyeusi kwa grisi vilipita vyote kumi bila tabu. "Mimi mchafu nimepita, wewe msafi umekwama," akamnong'oneza. Siku nyingine Mama Povu angecheka, maana ni mtu wa kucheka. Hata hilo jina la utani alipewa na wateja, akalipokea kwa mikono miwili. Siku hiyo alikuwa na hofu, hakucheka.

Dada yake mkubwa alivuka mpaka kwenda kupika hotelini katika nchi nyingine, akazaa huko mtoto wa kike, na mtoto hajatimiza miaka miwili, mama akafariki. Baba hakuandikwa popote. Mtoto akapelekwa kituo cha kulelea watoto. Mama Povu alipokwenda kumchukua, akaambiwa hawezi kuondoka naye hivi hivi. Kwetu mama mdogo ni mama, hakuna anayeomba ushahidi. Sheria ya kule haikuwa na habari na mama mdogo, ilitaka muhuri. Ikabidi yeye na mumewe waiombe mahakama ya kule iwape mtoto awe wao kisheria.

Makaratasi yakaanza, na yalikula miaka miwili mizima. Cheti cha ndoa, cheti cha daktari. Afisa ustawi wa jamii alikuja akapima chumba kwa hatua, akachungulia kabatini, akauliza kama huwa wanagombana. "Tunagombania redio," mume akajibu, na yule afisa akaandika hivyo hivyo. Karatasi moja ikipata muhuri, nyingine inaisha muda wake. Sasa ilibaki moja tu, barua ya polisi ya kuthibitisha kwamba hawana rekodi ya uhalifu, na barua hiyo haitolewi bila vidole. Wakili wao wa kule alishawaambia kwenye simu bila kuzungusha maneno: "Jaji ameahirisha mara mbili. Tarehe ishirini mwezi ujao ni ya mwisho. Mkija bila barua, faili linafungwa, na mtoto anaingia kwenye orodha ya kupewa familia yoyote."

"Pumzisha mikono," askari akamshauri. "Usiguse sabuni wala dawa ya madoa. Paka mafuta asubuhi na jioni, urudi baada ya wiki nne."

Mwambie Mama Povu asile, atajaribu. Asifue? Glavu alizikataa maisha yake yote, kwa sababu kola iliyotakata huijua kwa gumba, si kwa macho. Mume akawa anafunga kibanda chake cha baiskeli saa tisa, anakuja kufua yeye, na mke amekaa kwenye kigoda, mikono inang'aa mafuta, ameiweka magotini kama vitu vya kuazima. Bwana huyo alifua vibaya, Mungu amsamehe. Mashati ya mwalimu mkuu yalirudi na michirizi ya buluu, na mwalimu mkuu si mtu wa kunyamaza.

Wiki ya tatu mistari ikaanza kurudi. Kila asubuhi Mama Povu aliinua magumba yake dirishani, akaitazama, moyo ukatulia kidogo.

Ndipo nesi wa jirani alipoleta koti lake jeupe lenye damu kifuani. Mume akalitumbukiza kwenye beseni la dawa ya madoa, akainua birika la maji ya moto. Damu ikikutana na maji ya moto haitoki tena, hata dobi wa jana anajua. Mama Povu aliruka, akalichomoa koti kwa mikono mitupu, akalisugua na kulisugua hadi doa likaanza kufifia. Alipoinua macho akauona uso wa mumewe.

"Mke wangu," mume akasema polepole, "umefanya nini?"

Kufikia jioni ngozi ya magumba yote mawili na kidole cha shahada ilikuwa inabambuka. Alilia kwa sauti, wala hakujificha. Aliona amemuuza mtoto wa dada yake kwa koti la watu.

Wiki ya nne ilipotimia mashine ilivikataa vidole hivyo vitatu. Askari akatoa wino na karatasi, akavizungusha vyote kumi kimoja kimoja, vikatoka saba. Akaandika barua, na chini yake akaongeza kwamba vitatu havisomeki kwa sababu ya kazi ya mwombaji.

"Jaji ataikubali?" Mama Povu akauliza.

"Mimi nimeandika nilichokiona, mama. Kukubali ni kwao."

Tarehe ishirini walisimama mbele ya jaji, mwanamke wa makamo mwenye miwani. Aliisoma barua mara mbili. Wakili akainuka aseme, jaji akamkalisha kwa ishara ya mkono.

"Nataka kumsikia mwombaji. Uliambiwa uipumzishe mikono?"

"Niliambiwa, mheshimiwa."

"Ikawaje?"

Wakili alikuwa amemwonya ajibu kwa kifupi. Yeye akaeleza yote, koti, damu, birika. "Mkono ulitangulia, mheshimiwa, akili ikafuata nyuma."

"Na ukishampata mtoto? Siku ikitokea kazi inakuita na yeye anakuita?"

"Tangu siku ile sijagusa povu hata la kuoshea kikombe," akasema. "Kuacha nimejifunza, mheshimiwa. Nimejifunza kwa uchungu."

Jaji akaandika kwa muda mrefu sana. Kisha akasoma kwamba kuanzia siku hiyo mtoto ni wao.

Mlezi wa kituo aliwakabidhi msichana wa miaka minne na mfuko wa nguo. Kwenye nyumba ya wageni walikofikia, mfuko ulipofunguliwa, kulikuwa na gauni dogo la njano lililochafuka matope shingoni. Mama Povu akalichukua, akavuta beseni, akakunja mikono ya blauzi.

"Jumatatu kuna pasipoti ya mtoto," mume akasema. "Watataka vidole vya mzazi tena."

Alisimama na lile gauni mkononi, nguo ya kwanza ya mwanawe. Halafu akampa mume, akakaa kitandani, mtoto akaja kumpanda mapajani na kumshika gumba.

"Maji ya baridi kwanza," akamwambia mumewe. "Na shingoni taratibu. Hilo ni la binti yangu."