Kaktasi ya marehemu mama mkwe ilivyovuka masika ndani ya sebule yetu Mkolani

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Kabla hamjaniita muuza chai, haya yametokea sebuleni kwangu, Mkolani hapa Mwanza, masika yaliyopita. Mke wangu ameusoma huu uzi kabla sijaupandisha. Amefuta sehemu moja tu, na hamtaijua.

Ni habari ya kaktasi. Ndiyo, lile ua la miiba. Anayeona si mada ya wanaume apite taratibu.

Iko hivi.

Mama mkwe wangu alifariki mwaka jana huko Singida. Baba mkwe akabaki peke yake kwenye nyumba kubwa. Mke wangu, Anjela, ndiye binti yake pekee, akawa hana raha kabisa. Familia ikakaa, mzee akakubali kuja kuishi na sisi, lakini kwa shingo upande.

Alishuka kwenye basi na begi moja na kopo la rangi. Ndani ya kopo kulikuwa na kaktasi ya marehemu, imesimama wima, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Safari nzima alikuwa ameipakata. Ukiitazama suruali yake ilivyojaa miiba, hukuwa na haja ya kuuliza.

Sasa mjue hali ilivyokuwa kati yetu. Mimi ni fundi friji, nina karakana yangu Mkuyuni. Ni Msukuma, na nimelelewa kwamba mkwe ni wa kuheshimiwa, si wa kupiga naye soga. Yeye naye ni mtu wa maneno machache. Kwa hiyo ilikuwa shikamoo baba, marahaba mkwe, karibu chakula, asante. Hapo mazungumzo ya siku yameisha.

Ila kila asubuhi nilikuwa namwona akiimwagilia ile kaktasi kikombe kizima cha maji. Marehemu ndivyo alivyokuwa anafanya kule kwao. Mzee alimwagilia taratibu, kofia ameivua.

Masika yakaingia.

Mvua za huku mnazijua. Nguo hazikauki, chumvi inalowa ndani ya kopo, hewa ya ziwa inapanda mpaka huku kwetu kwenye mawe. Tukaiingiza kaktasi ndani, tukaiweka kona ya TV, nyuma ya pazia. Na kikombe cha asubuhi kikaendelea kama kawaida.

Haikuchukua muda ikaanza kubadilika. Chini kabisa ikawa ya kahawia, laini, kama parachichi lililoiva kupita kiasi. Halafu ikaanza kuinama.

Mzee akaitazama siku nzima. Jioni, tukiwa mezani, akasema, "Anjela mwanangu, hii imekumbuka kwao. Mvua zikikatika mnitafutie basi, niirudishe."

Anjela akabeba vyombo kwenda jikoni, hakurudi. Nikamfuata. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, sufuria iko mapajani.

"Baba Neema, baba haendi kurudisha ua," akaniambia. "Anarudi yeye. Kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumpa hata uji."

Wakuu, kuanzia hapo ile kaktasi ikawa mgonjwa wangu.

Nikaingia mtandaoni. Video nyingi ni za Wazungu wanaeleza jinsi ya kuitunza wakati wa baridi yao, madirisha yamejaa theluji. Nikataka kufunga simu, maana theluji na Mkolani wapi na wapi. Lakini nikawasikiliza. Wanasema wakati huo jua ni hafifu na udongo haukauki, kwa hiyo kaktasi inalala. Unaiweka ndani karibu na dirisha lenye mwanga, na maji unayapunguza mpaka karibu hakuna. Kinachoiua si kiu, ni mizizi kuoza.

Nikaona kumbe masika yetu ndiyo baridi yake. Na kopo letu la rangi halikuwa na tundu hata moja chini.

Kazi ikabaki moja. Nani amwambie mzee?

"Mwambie wewe," Anjela akasema. "Mimi nikimwambia aache, atadhani tumemchoka."

Jumapili baada ya chakula, mvua inapiga bati, nikasogeza stuli karibu naye. Moyo ulikuwa unanidunda kuliko siku niliyopeleka posa.

"Baba, naomba nikuulize. Kule Singida, mama akishamwagilia, udongo ulikuwa unachukua muda gani kukauka?"

"Jioni ulikuwa umeshakauka. Unakuwa vumbi."

"Hebu ingiza kidole hapo, baba."

Akaingiza. Kikatoka na tope. Akakiangalia kile kidole, akaangalia dirishani kule ziwa lilipo, halafu mabega yakaanza kutikisika. Nikajua analia, nikajuta.

Kumbe anacheka.

"Mkwe," akasema, "yaani ziwa lote lile halijatosha, na mimi naongeza kikombe."

Anjela alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Hakuwa amemsikia baba yake akicheka tangu msiba.

Nikamweleza lililobaki, na hilo ndilo lilikuwa gumu. Chini kumeshaoza, dawa ni kuikata, tuokoe sehemu ya juu iliyo nzima. Nikaenda kuleta kisu, nimekifuta kwa spiriti.

Mzee akanyoosha mkono.

"Nipe. Mama yake Anjela nilimuuguza mimi. Na hii nitaikata mimi."

Akakata. Kipande cha kwanza katikati kilikuwa na doa. Akakata tena juu kidogo, bado doa. Kilichobaki kilikuwa kifupi sana, nikaanza kutafuta maneno ya kumpoza. Mkato wa tatu ukatoka mweupe wenye ukijani, safi kabisa. Sote watatu tukashusha pumzi.

Hatukuipanda siku hiyo. Tuliiacha kabatini juu ya gazeti mpaka kidonda kikafunga, kikawa kigumu kama kigaga. Tukatafuta chungu cha udongo chenye tundu. Jirani anajenga, akatupa chenga za kokoto, tukachanganya na mchanga mnene na udongo kidogo tu. Tukaiweka dirisha la mashariki. Maji hakuna.

Shida ikawa mzee hana cha kufanya asubuhi. Alikuwa anakizunguka kile chungu na kikombe kitupu mpaka unamwonea huruma. Nikamwambia, "Baba, twende wote karakana."

Akaja. Pale Mkuyuni jirani yangu fundi viatu ana ubao wa drafti, wanacheza kwa vizibo vya soda. Siku ya kwanza mzee aliwafunga wote. Kesho yake aliniamsha yeye.

Mvua zilipokatika, siku moja akaivuta kaktasi polepole kwa vidole viwili. Ikagoma kutoka. Akaniita kwa jina langu, si mkwe, mara ya kwanza. "Njoo uvute. Imeshika."

Sasa hivi ina kichipukizi kipya ubavuni, kijani kibichi, miiba yake bado laini. Majirani wanakuja kuomba mbegu. Mzee anawaambia wasubiri, na kwanza anawakagua kama chungu chao kina tundu.

Wiki iliyopita mdogo wake alipiga simu kutoka Singida, sauti iko juu, wote tunasikia. "Kaka, mvua zimekwisha, unarudi lini?"

Mzee akasema, "Mwezi wa nane nitakuja kuwasalimia."

Kuwasalimia. Anjela akaniangalia. Jioni hiyo tulikula sato wa nazi, na hakuna aliyeuliza tunasherehekea nini.

Nilichojifunza: kaktasi ya ndani wakati wa mvua ipe mwanga, chungu chenye tundu, na uizuie mikono yako. Na mzee akikwambia ua limekumbuka kwao, sogeza stuli ukae naye.

Wenye uzoefu karibuni kwenye comment. Mzee anataka kujua lini ataanza kuipa maji, na kama kuna mtu huku ziwani yake imewahi kutoa maua. Simu nimemwachia, atajibu mwenyewe.

Kwa hiyo, wakuu, mkianza kuandika, anzeni na shikamoo.