Mume Wangu wa Ghalani

Nilipokuwa mtoto nilikuwa na mume, na mume huyo alikuwa amekufa kabla sijazaliwa. Alikuwa babu yangu. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na akishapewa anakuwa kama yeye. Mimi niliitwa Kalekye kwa sababu nyanya yangu, tuliyemwita Susu, alikuwa Kalekye. Baba akirudi mwisho wa mwezi kutoka kazini Athi River alinisalimu kama anamsalimu mama yake mzazi. Babu, kama angekuwa hai, angeniita mke wake na kulalamika kwamba uji wangu una madonge. Lakini alikuwa amezikwa nyuma ya boma, hatua chache kutoka kwenye ghala, kwa hiyo utani wake, kwa maelezo ya Susu, ulikuwa wa namna nyingine.

Ghala letu lilikuwa kapu kubwa la fito lililokalia mawe, na juu yake paa la nyasi lililoinuliwa kama kifuniko. Ili uingie ulipanda ngazi, mtu akakuinulia paa, ukajitumbukiza. Mtu mzima hakupita vizuri, ndiyo maana kazi ya kulifagia kabla ya mavuno mapya ilikuwa ya watoto. Binamu zangu wote walishaingia. Mimi sikuruhusiwa hata kushika ngazi.

"Babu yako ndiye analinda chakula humo," Susu aliniambia tangu nikiwa mdogo kabisa. "Akikuona, atadhani ni mimi nimemfuata. Atakukumbatia. Na mtu aliyekufa hajui kuachilia."

Nilimwamini, kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Nilipokuwa na miaka sita hivi tulicheza kujificha, nami nikajiona mjanja, nikamwomba binamu aniinulie paa, nikajificha ghalani. Nilitoka humo kifua kikipiga filimbi, na kwa siku mbili nililala nimekaa, nimeegemea mgongo wa Susu kitandani kwake. Hakunigombeza. Alisema tu, "Umemwona sasa," basi.

Baada ya hapo nilianza kumwona Babu kila mahali. Asubuhi za Julai, ukungu ukiwa umelala juu ya kijiji chetu cha Kalamba, alinishika kifua kabla sijafika shuleni. Kuni mbichi zikifuka moshi jikoni, alikuja. Nikikimbizana na wavulana, alikuja mbio zaidi, nami nikafikiri ana wivu. Leo ninacheka nikiandika haya, lakini wakati ule sikucheka. Ni jambo gumu kwa mtoto kuambiwa kwamba anayemziba pumzi anampenda. Nilikuwa nikimwomba kimoyomoyo anichukie kidogo. Binamu zangu nao hawakunipa nafasi, wakifagia ghala waliniita, "Njoo umsalimie mzee wako!" na walipotoka weupe kwa vumbi, wazima, wakicheka, niliwaonea wivu mpaka machozi.

Miaka ya sabini ilikuwa ikienda, na wokovu ukafika boma letu. Mama aliokoka. Aliacha ugoro, akaacha kumwaga uji kidogo kwenye jiwe la ghala kama Susu alivyomfundisha alipoolewa, na akaanza kuniita Rebeka, jina langu la ubatizo ambalo mpaka hapo lilikuwa limekaa kwenye karatasi tu. Sikuwahi kuwaona yeye na Susu wakigombana kwa sauti. Waliheshimiana vibaya sana, kama tunavyojua kuheshimiana na mama mkwe: kila neno lilipakwa mafuta kabla ya kutolewa.

"Mwaitu," Mama alimwambia Susu jioni moja, kwa neno letu la kumwita mama, tukimenya mbaazi, "huyu mtoto atakosa raha kwa sababu ya hayo mambo ya mzee. Rebeka hana mume. Rebeka ana miaka tisa."

"Sijasema ni vizuri," Susu akajibu bila kuinua macho. "Nimesema ni hivyo."

Lakini Jumamosi iliyofuata, siku ya kufagia ghala, akina mama watatu wa kanisa walifika mapema, wakiongozwa na Mama Ndunge, jirani yetu mwenye sauti ya kuita mvua. Mama alinifunga kitambaa kichwani, akanipa ufagio, akapiga magoti mbele yangu. Nakumbuka macho yake yalivyong'aa. Hakuwa mkatili, na hili nataka lieleweke kabla sijaendelea. Alitaka niwe mtoto kama watoto wengine, na alidhani kilichonikamata ni woga.

"Ukisikia kifua kinabana, usitoke," aliniambia. "Ukitoka, yeye ndiye ameshinda. Sisi tuko hapa tunaomba. Sawa?"

Nikasema sawa. Nilitaka Mama ashinde. Susu alikuwa ameingia jikoni na kufunga mlango.

Waliniinulia paa, nikashuka. Ndani kulikuwa na joto la nafaka ya zamani, majivu tuliyochanganya na maharagwe kuzuia fukusi, na kitu kilichooza pembeni ambako mvua ilikuwa imepenya. Nilifagia. Vumbi lilipanda likanijaa puani. Nje waliimba na kupiga makofi, nami nikafagia kwa mdundo wao, nikajiona shujaa kwa muda wa nusu ya wimbo. Kisha kifua kikaanza kuwasha kwa ndani, mahali ambapo huwezi kukuna. Nikakohoa. Filimbi ikaanza. Nikakumbuka nisitoke, nikaendelea kufagia, na kila nilivyofagia nilijaza vumbi zaidi. Mpaka leo hasira hunipanda nikikumbuka utii ule.

Nilipoangusha ufagio walinitoa, wakanilaza kwenye mkeka kivulini. Filimbi yangu ilisikika mpaka kwa majirani. Akina mama wakanizunguka, wakaweka mikono kifuani pangu, wakaomba kwa nguvu, wakimkemea Babu kwa jina lake. Sijui ilichukua muda gani. Najua tu kwamba kidogo kidogo filimbi ilipungua. Ikawa ndogo. Ikanyamaza.

"Ameachiliwa!" Mama Ndunge akapaza sauti. "Sikilizeni! Kifua kimetulia! Asifiwe!"

Wakaanza wimbo wa shukrani. Mama alikuwa akilia na kuimba pamoja, ameinua mikono, uso wake wote umefunguka. Sijawahi kumwona na furaha kama ile, si siku ya harusi yangu, si siku yoyote. Nami nilikuwa pale chini yao nikijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua: hewa ilikuwa haiingii kabisa. Nilitaka kusema "Mama, bado." Maneno mawili tu. Nilipata "Ma," na hata hiyo ilizama katika wimbo. Nikamshika sketi. Akainama akanibusu kipaji cha uso, akaendelea kuimba.

Nilidhani huko ndiko kufa: kwamba watu wako wanafurahi na huwezi kuwaambia.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Susu baadaye alisema kilichomtoa ni kwamba hakunisikia tena. Usiku mwingi alikuwa amelala na filimbi ile ikipiga mgongoni mwake. Aliijua kuliko mimi. Aliwapita akina mama, akaniinua nikae, akafungua fundo la kitambaa shingoni. Akatazama pale chini ya koo ngozi ilivyokuwa ikivutwa ndani, na mbavu zilivyoingia, na midomo yangu iliyogeuka rangi ya majivu.

"Nyamazeni," akasema. "Nyamazeni nyote. Msikilizeni mtoto."

Wakanyamaza, wakasikiliza. Hapakuwa na kitu cha kusikiliza. Nilimwona Mama akielewa. Furaha ilitoka usoni mwake yote kwa pamoja.

Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande. Mume wa Mama Ndunge alikuwa na baiskeli, lakini mwenyewe hakuwepo. Hakuna mwanamke pale aliyejua kuiendesha, basi waliisukuma. Mama alishika usukani, akakimbia peku. Susu, mwenye magoti mabovu, alikimbia kando akiwa amenishika nikae wima kwenye keria ya nyuma. Njia ya zahanati ilikuwa ya mchanga na mawe. Wanawake wale wawili hawakuzungumza, isipokuwa Susu aliyesema kila mara, "Usimlaze. Usimlaze," na Mama akijibu, "Ndiyo, Mwaitu."

Pale zahanati kulikuwa na kijana tuliyemwita daktari. Aliweka kifaa chake kifuani pangu, akakihamisha, akakihamisha tena, kisha akaacha kuwa mpole na kuanza kukimbia kutafuta dawa.

"Lakini kifua kilikuwa kimenyamaza, daktari," Mama akasema. Alikuwa bado anajitetea, maskini.

"Mama, kikipiga filimbi hewa inapita. Kikinyamaza, haipiti."

Alinichoma sindano ya mkono, halafu nyingine ya mshipa, hiyo akiisukuma polepole mno hata Mama akamuuliza kama amelala. Nilitazama ukuta wa chokaa. Kisha kitu kikalegea ndani yangu, na ile filimbi ikarudi, kubwa, mbaya, chumba kizima kikaisikia. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mama aliketi chini sakafuni na kulia.

"Alikuwa anafanya nini kabla ya hii?" daktari akauliza.

Walitazamana. Susu hangeweza kumtaja Babu mbele ya kijana mwenye koti jeupe. Mama hangeweza kuyataja maombi.

"Alikuwa akifagia ghala," Mama akasema mwishowe.

"Basi asifagie ghala tena."

Susu akasafisha koo. Miaka yote ile alikuwa amesema neno hilohilo. Daktari akaendelea kumweleza Mama kuhusu vumbi, moshi, baridi ya asubuhi, na akamwambia asingoje filimbi kujua kama nimezidiwa. Amwambie mtoto aseme kitu. Akishindwa kumaliza sentensi, wasingoje kitu kingine.

Tuliporudi jioni, mimi nikiwa keriani nimefunikwa leso mbili, Mama alisema taratibu, "Umesikia, Mwaitu. Ni vumbi."

"Nimesikia," Susu akajibu. "Vumbi la ghala la nani?"

Susu alikufa nikiwa shule ya upili, akiwa na hakika yake. Mimi nilisoma, nikawa mwalimu, nikapigana na vumbi la chaki mpaka nikastaafu, na pampu ya kuvuta dawa ya pumu haitoki mkobani mwangu. Nimejaribu mara nyingi kuamua nani alikosea. Susu alinilinda kwa jambo la kweli, lakini alilitia jina ambalo Mama hakuweza kulikubali nyumbani mwake. Angesema tu kwamba vumbi linanidhuru, Mama angelichoma ghala lile kwa mkono wake. Mama naye alipigana na mzimu kwa ushujaa wote, na silaha yake ilikuwa mimi. Ningempata mtu wa kumkasirikia ningetulia. Sipati. Kila aliyekuwepo siku ile alinipenda, hata yule aliyekufa, kama ni kweli alikuwepo. Hilo bado linaninyima utulivu kuliko vumbi lilivyoninyima pumzi.

Mwaka fulani, Mama akiwa ameshazeeka, nilimuuliza kama huwa anaikumbuka siku ile. Aliikunja leso yake, akaikunja tena.

"Ulikuwa unakufa," akasema, "na mimi nilikuwa naimba."

Nilimwambia nimemsamehe, akasema hakuniuliza hilo.

Siku hizi Mama hupiga simu kila jioni kutoka Kalamba. Hasalimu. Anasema, "Rebeka, sema kitu kirefu nikusikie." Nami namsimulia habari za mvua, za kuku, za majirani, za mjukuu aliyeng'oka jino, bila kuweka nukta, mpaka aseme haya, inatosha. Huwa hasemi haraka.