Nyuzi Mbili Kwenye Beseni

Itangazwe kutoka Uriri hadi Kisegi kwamba sayansi imewasili mjini Homa Bay, mwaka huu wa 1996, na makao yake makuu ni beseni la kuoshea sufuria. Mwenye beseni ni fundi wa altrasaundi. Kila asubuhi hulijaza maji, hukaza ndani yake nyuzi mbili za nyavu zilizoachana kwa upana wa punje ya mchele, kisha huchovya kipimio cha mashine yake na kukikodolea macho kioo. Nyuzi zikionekana doa moja, hapimwi mtu, hata awe mke wa diwani. Husogeza kipimio polepole, kama anayemnyoa mtoto mchanga, akinong'ona, "Achaneni. Achaneni basi."

Siku hiyo Mzee Mogire alikuwa amelala kitandani, ubavu umepakwa jeli baridi, akiomba kimoyomoyo fundi na daktari wagombane hadi jioni. Daktari mpasuaji alikuwa ameshaona jiwe moja kubwa kwenye figo, na kisu kimeshachemshwa.

"Omera, ndugu yangu, jiwe ni jiwe. Tia sahihi ripoti," daktari alimwambia fundi.

Fundi hakugeuka. Alirudi kwenye beseni mara ya tatu, akazamisha nyuzi hadi kina kile kile cha figo ya mzee, akachezea vitufe mpaka doa moja likawa mawili. Ndipo akaurudia ubavu. Alisogeza kipimio polepole, pua karibu iguse kioo.

"Haya, profesa wa beseni," daktari akasema. "Umegundua nini?"

Fundi alifuta kipimio kwa kitambaa.

"Mawe mawili madogo. Atayakojoa."